Nani anamla nani? Jinsi ya kumsaidia mtoto kuelewa mnyororo na utando wa chakula

Ikiwa mtoto wako anasoma hapa Kigali, au katika shule iliyo karibu na kambi ya Mahama, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme au Mugombwa, siku moja atarudi nyumbani na mchoro wenye mishale: jani, panzi, chura, nyoka, tai. Mwalimu amemwambia huo ni mnyororo wa chakula. Atakuwa na maneno mapya ya Kiingereza ya kukariri, na huenda asijue akuulize nini.

Makala hii ni kwa ajili yako mzazi au mlezi, hata kama hujui Kiingereza na hata kama hukumaliza shule. Pia ni kwa mwalimu, awe wa shuleni au wa kujitolea, anayetafuta njia rahisi ya kufundisha mada hii bila maabara. Jambo kuu ni hili: mtoto aliyewahi kufukuza ndege shambani, kufuga kuku au kuwaona wavuvi wa Kivu wakirudi alfajiri, tayari anajua sehemu kubwa ya somo hili. Anachokosa mara nyingi ni maneno ya lugha ya shule. Wewe unaweza kumsaidia kupanga anachokijua, kwa lugha mnayozungumza nyumbani.

Kwa nini mtoto anayejua huonekana hajui

Nchini Rwanda watoto wa wakimbizi husoma katika shule za taifa, darasa moja na watoto wa wenyeji, kwa mtaala mmoja. Hilo ni jambo jema, lakini lina ugumu wake. Mwaka 2019 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza. Mtoto aliyetoka Kongo au Burundi huenda alianza shule kwa Kifaransa. Nyumbani anazungumza Kiswahili, Kirundi au Kinyamulenge, uwanjani anacheza kwa Kinyarwanda, na ubaoni anasoma Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini si lugha ya kufundishia sayansi.

Muulize mtoto huyo kwa Kiswahili, "Nani anakula mahindi yetu usiku?" Atajibu mara moja kwamba ni panya. Muulize na nani anamla panya, atakutajia paka, nyoka na bundi. Mtoto huyohuyo akiulizwa katika mtihani, kwa Kiingereza, ataje mlaji wa kwanza na mlaji wa pili, anaweza kuacha nafasi wazi. Amekosa alama kwa sababu ya lugha, wala si kwa sababu ya sayansi.

Mtaala unaotumika Rwanda tangu 2016 unasisitiza umahiri: mwanafunzi aweze kueleza na kutumia anachojifunza, asikariri tu. Kwa hiyo mazungumzo ya jikoni au ya shambani kuhusu nani anamla nani yanakwenda sambamba na kile shule inachotaka.

Maneno sita ya kuanzia

Zungumza na mtoto kuhusu maneno haya kwanza kwa Kiswahili. Akishayaelewa, mwambie ayaandike kwenye daftari na kando yake aweke jina la Kiingereza alilofundishwa na mwalimu.

- Mzalishaji ni mmea. Hutumia mwanga wa jua, maji na hewa kutengeneza chakula chake. Mahindi, maharage, migomba, nyasi na mafunjo ya bondeni ni wazalishaji.
- Mlaji ni kiumbe kisichoweza kujitengenezea chakula, hivyo hula kingine. Anayekula mmea ni mlaji wa kwanza. Anayemla huyo ni mlaji wa pili, na kuendelea.
- Mla mimea, mla nyama na mla vyote ni majina ya walaji kulingana na chakula chao. Mbuzi ni mla mimea, chui ni mla nyama. Kuku ni mla vyote: anadonoa punje, anadonoa panzi, anadonoa na makombo ya ugali.
- Mwozeshaji ni kiumbe kinachovunjavunja mabaki ya mimea na wanyama na kurudisha rutuba kwenye udongo. Bakteria na kuvu ndio hufanya kazi hiyo. Minyoo ya ardhini huwasaidia kwa kula majani makavu na kuyasaga.
- Mnyororo wa chakula ni mstari mmoja unaoonyesha chakula kinavyopita kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine.
- Utando wa chakula ni minyororo mingi iliyoungana. Ndio unaofanana zaidi na maisha yalivyo, kwa sababu panya hali mahindi peke yake, na bundi hali panya peke yake.

Watoto wengi humsahau mwozeshaji kwa sababu haonekani kwenye picha za wanyama wakubwa. Kama una bustani ya mboga nyumbani, ile inayoitwa hapa Rwanda *akarima k'igikoni*, au kama unapanda mboga kwenye gunia, mwonyeshe mtoto shimo la mboji. Weka maganda ya ndizi na viazi, yafunike kwa majani na udongo, kisha mfukue kidogo kila wiki mwone yamefikia wapi. Baada ya miezi michache maganda hayatambuliki tena. Yamekuwa udongo mweusi, na huo udongo utalisha dodo, au lengalenga kama wengine wanavyoziita. Hapo mtoto ataona kwamba mnyororo hauishii kwa mnyama mkubwa. Hurudi ardhini.

Mshale unaelekea wapi?

Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote katika mada hii. Tazama mnyororo huu:

Mahindi → panya → bundi

Watoto wengi huchora mishale kinyume. Wanafikiri hivi: panya ndiye anayeyaendea mahindi, basi mshale utoke kwa panya. Lakini mshale hauonyeshi nani anamfuata nani. Unaonyesha chakula, pamoja na nguvu iliyomo ndani yake, vinakwenda wapi. Nguvu iliyokuwa kwenye mahindi imeingia mwilini mwa panya, kisha mwilini mwa bundi.

Mfundishe mtoto ausome mshale kwa sauti kama maneno "analiwa na" au "yanaliwa na". Mahindi yanaliwa na panya. Panya analiwa na bundi. Akichora kinyume, mwache asome alichochora: "Bundi analiwa na panya." Atacheka mwenyewe na kusahihisha bila kugombezwa.

Mkumbushe pia kwamba mnyororo huanza na mmea, na mmea hupata nguvu yake kutoka kwa jua. Mnyororo unaoanza na panya haujakamilika, kwa sababu haujaeleza panya alishiba nini.

Anza na sahani ya jana

Vitabu vingi vya sayansi duniani hutumia mifano ya wanyama ambao mtoto hajawahi kuwaona. Anza na chakula alichokula jana jioni.

Kama mlikula maharage, mnyororo ni mfupi: jua, kisha maharage, kisha mtu. Kama mlikula sombe, ni vilevile: jua, majani ya muhogo, mtu. Hapa binadamu ni mlaji wa kwanza, sawa na mbuzi.

Kama mlikula yai, mnyororo unaweza kurefuka. Nyasi zililiwa na panzi, panzi akaliwa na kuku, yai la kuku likaliwa na mtu. Lakini kuku huyo alikula pia mahindi, kwa hiyo kuna njia mbili za kufika kwenye yai moja. Hapo mtoto ameanza kuuona utando.

Kama mlikula sambaza, mna mfano mzuri kuliko yote. Katika maji ya Ziwa Kivu kuna mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, inayoelea karibu na uso wa maji ambako mwanga unafika. Mimea hiyo huliwa na viumbe vidogo vinavyoelea pia majini. Viumbe hivyo huliwa na sambaza. Sambaza huliwa na mdiria, yule ndege anayejitupa majini kama jiwe, na huliwa na sisi.

Mimea midogo ya majini → viumbe vidogo vinavyoelea → sambaza → mtu

Katika mnyororo huu mtu ni mlaji wa tatu. Mwulize mtoto: kwa nini katika maharage tulikuwa walaji wa kwanza, na hapa tumekuwa wa tatu? Jibu ni kwamba nafasi ya kiumbe inategemea alichokula. Mtu mmoja anaweza kuwa na nafasi tofauti kwenye sahani moja.

Kama familia yenu inatoka Goma, Bukavu, Kalehe au Idjwi, msimulie mtoto jinsi wavuvi wanavyofunga mitumbwi mitatu pamoja na kuwasha taa usiku juu ya maji. Mwanga huwavuta viumbe vidogo na sambaza wenyewe kuelekea kwenye wavu. Wavuvi hao wanalijua ziwa lao, na ujuzi huo ni sayansi pia.

Kwa nini minyororo ni mifupi

Mtoto akishachora minyororo kadhaa, ataona kwamba mara chache inazidi viumbe vinne au vitano. Kwa nini hakuna mnyororo wa viumbe ishirini?

Kiumbe hakihifadhi chote kinachokula. Panzi hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kuruka, kupumua na kuishi tu, na sehemu nyingine hutoka kama kinyesi. Kwa makadirio ya jumla, ni karibu sehemu moja tu kati ya kumi ya nguvu inayopita kutoka hatua moja kwenda nyingine. Tuseme majani yana nguvu 1,000. Panzi wanaoyala watabaki na karibu 100, vyura watakaowala panzi watabaki na 10, na nyoka atakayewala vyura atabaki na 1.

Unaweza kuonyesha hili kwa punje za mahindi. Hesabu punje 100 na umpe mtoto wa kwanza, yeye ni majani. Ampe mtoto wa pili, panzi, punje 10 tu. Panzi ampe chura punje 1. Je, nyoka atashiba nini? Watoto wataelewa mara moja kwa nini porini swala ni wengi na simba ni wachache. Wataelewa pia kwa nini shamba dogo la maharage linaweza kulisha watu wengi kuliko shamba hilohilo likipandwa majani ya kulisha ng'ombe wa nyama.

Kutoka mnyororo hadi utando: mchezo wa kamba

Mchezo huu unafaa darasani, kwenye kituo cha vijana au hata uani. Unahitaji kamba ndefu, ambayo inaweza kuwa uzi, katani au nyuzi za mgomba zilizosokotwa, na vipande vya maboksi vilivyoandikwa au kuchorwa.

1. Andika kadi 10 hadi 15. Weka angalau wazalishaji wanne, kwa mfano mahindi, nyasi, mafunjo na muhogo. Ongeza panzi, kiwavi, panya, kuku, chura, samaki, nyoka, mdiria, bundi na mtu. Weka na mwozeshaji mmoja.
2. Watoto wasimame kwenye duara, kila mmoja na kadi yake. Mwalimu au mtoto mmoja asimame katikati awe jua.
3. Jua hushika ncha ya kamba na kuirusha kwa mmea. Mmea huishika, hukaza kidogo, kisha huirusha kwa kiumbe kinachoula. Kila anayerusha aseme: "Ninaliwa na…"
4. Mnyororo ukifika mwisho, kamba irudi kwa jua na kuanza njia nyingine. Baada ya dakika chache kamba itakuwa imepita huku na huku katikati ya duara. Huo ndio utando.
5. Sasa mtoe mmoja. Sema kwa mfano, "Vyura wote wamekufa kwa sababu bonde limekauka." Mtoto mwenye kadi ya chura aachie kamba. Kila anayehisi kamba yake imelegea ainue mkono na kueleza kilichompata.

Hatua ya tano ndiyo moyo wa mchezo. Nyoka atasema amekosa chakula. Panzi atasema amefurahi. Mahindi yatasema yana hofu, kwa sababu panzi wameongezeka. Usiharakishe. Waache wabishane.

Madarasa mengi yana wanafunzi wengi kuliko kadi. Waliobaki wasikae watazamaji tu. Wagawe wasimame nyuma ya wenye kadi, wawili au watatu kwa kila kiumbe, na wao ndio waamue kamba irushwe kwa nani. Mtoto mwenye ulemavu wa kutembea anaweza kuwa jua, kwa sababu kila njia huanzia kwake. Ukimaliza kwa Kiswahili au Kinyarwanda, rudia mara moja kwa Kiingereza. Mtoto akishajua anachotaka kusema, maneno ya kigeni humwingia kwa urahisi zaidi.

Utando ukiguswa: mifano ya eneo letu

Mtoto anaweza kudhani haya ni mambo ya mchezo. Mwonyeshe kwamba yametokea kweli, kwenye maziwa na mbuga zinazotuzunguka.

*Ziwa Kivu.* Sambaza hawakuwa wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu ilikuwa na aina chache za samaki na hakukuwa na samaki wa kula viumbe vidogo vinavyoelea mbali na ukingo. Walistawi, na leo uvuvi wa sambaza ni riziki ya familia nyingi upande wa Rwanda na upande wa Kongo. Lakini utando ulibadilika. Aina moja ya kiumbe kidogo cha majini kiitwacho dafnia, kilichokuwa kikila mimea ya ziwa hilo, ilitoweka baada ya sambaza kuingia. Muulize mtoto: nani alipata na nani alipoteza?

Hii pia inaeleza kwa nini Rwanda hufunga uvuvi wa sambaza kwa takriban miezi miwili kila mwaka. Samaki wanapewa nafasi ya kuzaliana. Ukikosa sambaza wabichi sokoni katika kipindi hicho, mweleze mtoto sababu. Mnyororo ukivunwa bila kupumzishwa, mwaka ujao hakutakuwa na cha kuvua.

*Ziwa Victoria.* Maji ya mabonde ya Kigali huingia mto Nyabugogo, kisha Nyabarongo, kisha Akagera, na mwishowe Ziwa Victoria. Huko, kuanzia miaka ya 1950, samaki mkubwa mla nyama aitwaye sangara aliingizwa ziwani. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno. Ziwa lilikuwa na mamia ya aina za samaki wadogo waitwao furu, na nyingi kati ya hizo zilipungua sana au kutoweka. Sangara alileta viwanda na fedha za kigeni. Ila samaki wadogo hukaushwa kwa jua, wakati sangara ana mafuta mengi na huhitaji moshi ili asioze. Kwa hiyo kuni nyingi zaidi zilihitajika, na miti ya pwani ya ziwa ikakatwa. Badiliko lililoanzia majini liliishia msituni.

*Hifadhi ya Akagera.* Mashariki mwa Rwanda, simba walitoweka katika miaka iliyofuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Watu waliorudi nchini kutoka ukimbizini walikuja na ng'ombe na walihitaji ardhi. Simba walikula mifugo, na watu waliwaua simba kulinda mali yao. Mwaka 1997 eneo la hifadhi lilipunguzwa kwa zaidi ya nusu ili watu wapate mahali pa kuishi. Mwaka 2015 simba saba waliletwa kutoka Afrika Kusini, nao wamezaana. Mwaka 2017 wakafuata vifaru weusi.

Mfano huu unagusa maisha yetu moja kwa moja, kwa sababu unaonyesha kwamba watu waliohama nao wako ndani ya utando. Familia inayofika mahali papya inahitaji kuni, maji, malisho na shamba, na wenyeji nao wanavihitaji. Usimfundishe mtoto kwamba aliyeua simba alikuwa mtu mbaya. Mwulize badala yake: ungekuwa wewe, na ng'ombe wako ndio mali yako yote, ungefanya nini? Na baada ya simba kuondoka, nani angepunguza idadi ya pundamilia na swala?

Sumu hupanda mnyororo

Sehemu hii si ya mtihani tu. Inahusu usalama wa nyumba yako.

Watu wengi huweka sumu ya panya ndani ya nyumba au ghalani. Sumu nyingi za aina hiyo hazimuui panya papo hapo. Panya huzurura siku kadhaa akiwa dhaifu, na huyo dhaifu ndiye paka au bundi humkamata kwa urahisi. Mlaji hula panya na sumu iliyo ndani yake. Ukimpoteza paka kwa njia hiyo, panya waliobaki watazaana bila hofu.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT ilipotumika sana mashambani, iliingia kwa wadudu na samaki, ikajikusanya zaidi na zaidi kwa kila mlaji. Kwa ndege wakubwa wala samaki ilifanya maganda ya mayai kuwa membamba hadi kuvunjika wakati wa kuatamia. Marekani, ambako tai wa nembo ya taifa alikaribia kutoweka katika sehemu kubwa ya nchi, ilipiga marufuku matumizi ya dawa hiyo mashambani mwaka 1972.

Kwa hiyo, nyumbani:

- Hifadhi nafaka kwenye chombo chenye mfuniko. Panya asiyepata chakula hakai.
- Ukiweza, tumia mtego badala ya sumu.
- Ukilazimika kutumia sumu, iweke mbali na watoto na kuku, kisha watafute panya waliokufa na uwafukie.
- Usitumie chupa au kopo la dawa ya shamba kuwekea maji, mafuta au maziwa, hata ukiliosha.
- Usimwage mabaki ya dawa mtaroni. Mtaro huenda bondeni, na bonde huenda mtoni.
- Mtoto akimeza sumu, usisubiri dalili. Mpeleke kituo cha afya mara moja na ubebe pakiti ya sumu hiyo.

Na bundi je? Katika jamii zetu nyingi bundi akilia juu ya paa watu husema amekuja kutangaza msiba, na hupigwa mawe. Huhitaji kumkejeli bibi anayeamini hivyo. Mwambie tu mtoto wazi kwamba bundi huja mahali penye panya. Anayemuua bundi anamfanyia panya kazi yake.

Ukiishi Kigali: mahali pa kuona kwa macho

Utando wa chakula haufundishwi vizuri kwa ubao pekee. Jiji la Kigali limejengwa juu ya vilima, na chini ya vilima kuna mabonde yenye majimaji. Mabonde hayo hupokea mvua, huchuja maji na kuhifadhi viumbe wengi.

Bustani ya Nyandungu, kati ya wilaya za Gasabo na Kicukiro, ni mfano mzuri. Bonde hilo lilikuwa limeharibiwa. Likarekebishwa, miti ya asili ikapandwa, na mwaka 2022 likafunguliwa kwa umma likiwa na ukubwa wa takriban hekta 120. Kuna kiingilio, kwa hiyo walimu ni vyema waulize mapema kuhusu ziara za shule. Watoto watafute wazalishaji watatu, walaji watatu, na dalili moja ya mwozeshaji, kama gogo lenye uyoga.

Ndani ya jiji kuna pia Umusambi Village, makazi ya korongo wenye taji waitwao *umusambi* kwa Kinyarwanda. Ni ndege yuleyule aliye kwenye bendera ya Uganda. Kwa miaka mingi watu waliwachukua kutoka mabondeni na kuwafuga kama mapambo kwenye nyumba na hoteli, wengine wakikatwa mabawa. Shirika la kuhifadhi wanyamapori la Rwanda Wildlife Conservation Association liliwakusanya. Wenye uwezo wa kuishi porini walirudishwa, na wasioweza kuruka tena wanatunzwa hapo. Korongo huyu hula mbegu, panzi, minyoo na vyura. Kwenye utando wako mchoree mishale minne inayoingia, na mtoto ataelewa maana ya mla vyote.

Kama nauli ni tatizo, huhitaji kwenda popote. Chagua kipande cha ardhi chenye ukubwa wa mkeka karibu na nyumba, mkae dakika 20 kimya, na mtoto aandike kila kiumbe anachokiona na kinachokula.

Maswali ya kuulizana wiki hii

Chagua swali moja kila jioni. Mwache mtoto ajibu kwa lugha anayoiweza zaidi, kisha achore.

1. Taja vyakula vyote vya leo. Kila kimoja kilianza na mmea gani?
2. Kuku wetu wanakula nini, na nani anawala kuku au mayai yao?
3. Viwavi wote wa shamba wakifa leo, nani atafurahi na nani atalala njaa?
4. Mahali tulipotoka kulikuwa na wanyama gani ambao hapa hatuwaoni? Walikula nini?
5. Kama hakungekuwa na waozeshaji, uani kwetu pangekuwaje baada ya mwaka mmoja?

Swali la nne linaweza kuibua kumbukumbu nzito. Kama mtoto hataki kulijibu, liacheni. Kama anataka, msikilize, kisha mwambie achore utando wa kijiji mlichotoka, na pembeni yake utando wa hapa mnapoishi sasa. Akienda nao shuleni, mwalimu apate kumsaidia kuandika majina ya Kiingereza juu ya kila mnyama. Mchoro huo ubandikeni ukutani, mahali ambapo atauona kabla ya mtihani.